Kigali Kutoka Mteremko wa Muhima

Mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akifika mji mgeni huuliza kwanza ufukwe uko wapi. Kigali swali hilo halijibiwi haraka. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 upande wa mashariki, na maziwa yenye fukwe yako nje kabisa ya jiji. Lakini Kigali ina pwani ya namna yake, nayo ni mabonde yenye majimaji yanayozunguka karibu kila kilima. Anayetaka kuyaelewa aanzie Muhima.

Muhima ni kata ya wilaya ya Nyarugenge, imekaa kwenye mteremko unaoshuka kutoka katikati ya jiji hadi stendi kuu ya mabasi ya Nyabugogo. Juu kuna maduka ya jumla na kanisa la matofali la Sainte-Famille, ambalo parokia yake ilianza mwaka 1913. Katikati kuna Hospitali ya Muhima, walikozaliwa watoto wengi wa jiji hili, na nyumba za mabati zilizobanana huku vichochoro na ngazi zikipenya baina yake. Chini kabisa ni Nyabugogo penyewe: makondakta wanaita abiria wa Musanze, Huye na Rusizi, pikipiki zimepangana, na Kiswahili kinasikika kila baada ya hatua chache, maana hapa ndipo wanaposhukia wasafiri wa Kampala, Goma na Dar.

Vitabu vya watalii havisemi lolote la maana juu ya Muhima. Ni eneo la kupita, watu wanashuka asubuhi na kupanda jioni. Nami naona mandhari yake haizidiwi na hoteli yoyote ya ghorofani. Simama kwenye kona ya barabara ya juu kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa saa za Kigali, ambazo ziko nyuma ya za Dar es Salaam kwa saa moja. Mbele yako, ng'ambo ya bonde, ni Gatsata ya mafundi magari na wauza spea. Kulia kidogo ni Gisozi, na kule Gakinjiro maseremala huranda vitanda na makochi mpaka usiku. Nyuma yake umesimama mlima Jali na minara yake ya mawasiliano. Ukigeuka kushoto unaona Mlima Kigali, mweusi kwa miti, jua likizama upande wake. Taa zikianza kuwaka, haziwaki kwa mstari kama za mji wa tambarare. Zinapanda vilima kwa mafungu, na bonde lililo katikati linabaki giza. Giza hilo ndilo maji na matete yalipo.

Mto unaopita pale chini unaitwa Nyabugogo. Ukiutazama darajani utaudharau: ni mwembamba, rangi ya udongo, na mvua ikinyesha unapokea maji yote ya mtaro mkubwa wa Mpazi unaoshuka kutoka upande wa Kimisagara. Lakini umetoka mbali na unakwenda mbali. Unaanzia Ziwa Muhazi, unapita chini ya Muhima, unaingia Nyabarongo, na Nyabarongo ndiyo inayoendelea kuwa Akagera. Karibu kila Mtanzania aliyekuja Kigali kwa basi amevuka maji hayohayo kwenye daraja la Rusumo, pale kwenye maporomoko, ambapo sasa kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Kutoka hapo maji yanakwenda Ziwa Victoria, na mwisho Mto Nile.

Wenyeji wa Ngara, upande wa Tanzania, wenye umri wa kutosha wanaujua mto huo kwa jambo jingine. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, uliteremsha maiti hadi Ziwa Victoria, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Tanzania ndani ya siku moja. Na ukitazama Gisozi kutoka Muhima, unatazama pia kilima lilipo Kumbusho la Mauaji ya Kimbari la Kigali. Lilifunguliwa mwaka 2004, na hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Wageni wengi huingia kwenye jumba la maonyesho, wakatoka na macho mekundu na kupanda gari. Wangekaa kidogo kwenye bustani. Kuna waridi, kuna vijia vinavyoshuka ngazi kwa ngazi kati ya makaburi mapana ya zege, kuna mabenchi kivulini, na kutoka hapo jiji lote la upande wa Nyarugenge liko mbele yako, Muhima ikiwemo. Ni bustani iliyopandwa ili watu waweze kukaa na marehemu wao. Tazama wenyeji wanavyojiweka, nawe fanya hivyo: sauti chini, simu mfukoni.

Sasa turudi mabondeni. Kwa miaka mingi Kigali iliyafanyia mabonde yake yale tuliyolifanyia bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Gikondo palijengwa viwanda juu ya ardhi ya majimaji, na kwingine watu wa kipato kidogo walijenga nyumba kwa kuwa ardhi ilikuwa rahisi. Mvua kubwa ikija, Nyabugogo inafurika na biashara inasimama. Serikali ikaamua kuirudishia ardhi maji yake. Viwanda vya Gikondo vilihamishwa kwenda Masoro, na mwishoni mwa 2019 nyumba nyingi za mabondeni zilivunjwa. Zoezi hilo lilileta manung'uniko, na haki ya waliobomolewa nyumba ni habari isiyoonekana kwenye picha nzuri za leo. Msomaji wa Jangwani, kwenye bonde hilo la Msimbazi, hahitaji kuelezwa.

Tunda la kwanza la uamuzi huo ni hifadhi ya Nyandungu, upande wa mashariki kwenye njia ya uwanja wa ndege. Ilifunguliwa mwaka 2022, ina zaidi ya hekta 120, njia za miguu na baiskeli, mabwawa, miti ya asili na bustani ya mimea ya dawa. Kuna kiingilio. Nenda asubuhi mapema. Matete yamejaa ndege, na ukipata bahati utaona korongo mwenye taji, ndege ambaye Wanyarwanda humwita umusambi na ambaye alikuwa karibu kwisha kwa kukamatwa na kufugwa majumbani. Lakini niseme lililo moyoni: Nyandungu ni safi mno. Hakuna anayeuza muhogo wa kukaanga, hakuna watoto wanaocheza mpira, kila kijia kina kibao cha kukuelekeza. Ukiwa umeizoea Coco Beach ya Dar es Salaam siku ya Jumapili, na moshi wa mishikaki na kelele zake, utajiona umeingia maktaba.

Na hii ndiyo tabia ya bustani za Kigali kwa jumla. Jiji limepandwa maua kila mzunguko na kila ukingo wa barabara, nyasi zimekatwa vizuri, lakini nyingi ni za kutazamwa. Ukikanyaga au kujilaza, mlinzi atakuja kukuinua, kwa adabu, lakini atakuinua. Pa kukaa bila kusumbuliwa ni Imbuga City Walk, dakika chache tu kupanda kutoka Muhima, barabara iliyofungiwa magari tangu 2015. Kuna mabenchi, vibanda vya kahawa, vijana na simu zao. Mara mbili kwa mwezi, Jumapili, barabara nyingine kubwa hufungwa pia asubuhi, na jiji zima linatoka kukimbia: wazee, maofisa, akina mama na watoto mgongoni.

Karibu na Imbuga City Walk kuna nyumba ya Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyeweka makao yake hapa mwaka 1907, mwaka ambao Kigali inauhesabu kuwa wa kuzaliwa kwake. Sasa ni makumbusho. Jumba lenyewe ni dogo, ila bustani yake inatazama bonde na Mlima Kigali, na inatosha kukuonyesha kwa nini mtu aliyetaka kuona kila anayekuja alichagua mgongo huu. Ilipofika uhuru wa 1962 ndipo mji huo mdogo ulipofanywa makao makuu ya nchi.

Mlima Kigali una urefu wa mita 1,850 hivi, na njia yake hupitia Nyamirambo, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Usipite bila kusimama Biryogo kunywa chai. Juu ya mlima kuna msitu wa kupandwa, farasi wa kukodi na upepo usiokoma. Septemba 2025 mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia zilifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa Afrika, na kwenye mwinuko wa mlima huu Tadej Pogačar wa Slovenia alianza kuwaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Wakazi walijaa pande zote za barabara. Ukipanda kwa miguu utakubali kwamba walikuwa na haki ya kushangilia.

Mwenye hamu ya maji ya kuogelea ana njia mbili. Ziwa Muhazi liko karibu, ni jembamba na refu, na mikahawa imepanga ukingo wake. Ni pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ufukwe wenye mchanga uko Gisenyi kwenye Ziwa Kivu, saa tatu na zaidi kwa basi kutoka Nyabugogo. Hapo utakula isambaza, ambao ni dagaa wa Tanganyika waliopandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu wa Gisenyi wanasema Kiswahili cha upande wa Goma, na Goma yenyewe iko hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. Tangu waasi wa M23 waiteke Goma Januari 2025, usikaribie mpaka huo kabla ya kuuliza hali ilivyo.

Kwa maoni yangu, mwenye siku moja tu asiende Kivu. Asubuhi aende Nyandungu, mchana Gisozi, jioni Muhima, na atakuwa ameiona Kigali kuliko aliyelala hotelini wiki nzima. Raia wa Afrika Mashariki haombi viza, ila Mtanzania abebe pasi yake, na mifuko ya plastiki aiache nyumbani, kwani ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Jambo la mwisho ni kalenda. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa na magari huwa machache. Panga matembezi yako yaanze baada ya hapo, au omba jembe ushiriki.