Mamba wa Abdilatif na maji ya Nyabarongo

Mvua kubwa ikinyesha hapa Gitega, watu wa bondeni hawalali. Maji hujaa katika mfereji wa Mpazi, hushuka kwa kishindo hadi Nyabugogo, kisha huingia Nyabarongo, mto ambao mbele huitwa Akagera. Ndio huo huo ambao wafanyabiashara wetu huuvuka pale Rusumo wakienda na kurudi Tanzania. Kwa hiyo ndugu msomaji, habari ya nguvu za maji hatuhitaji kuhadithiwa.

Nimeanza na maji kwa sababu nataka tulisome pamoja shairi moja la mtoni. Linaitwa "Mamba", na mtunzi wake ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", akilalamikia jinsi serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilivyokuwa ikiwakandamiza wapinzani wa chama cha KPU. Akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Humo gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni, na mashairi hayo yakachapwa mwaka 1973 katika kitabu "Sauti ya Dhiki".

Shairi lenyewe ni fupi, beti 5 za mishororo mitatu mitatu. Kila mshororo huanza na kipande kifupi cha mizani 4, kisha hufuata kirefu cha mizani 8, kama mtu anayesema neno moja, akatazama kama askari jela yupo karibu, halafu akamalizia. Ubeti wa kwanza unatangaza kwamba hili ni fumbo, afumbue mwenye kuweza. Kisha tunaonyeshwa mamba anayetamba mtoni, anajiona hodari na kudhani ataishi milele. Mshairi anamkumbusha kwamba siku yake itafika.

Wengi hulifasiri kwa sentensi moja tu: mamba ni mtawala, na kila mtawala atakufa. Ni kweli, lakini tukiishia hapo tunaacha lililo zito. Mimi najiuliza, kwa nini mamba? Abdilatif alizaliwa kando ya bahari. Angeweza kuchagua tufani au wimbi. Lakini tufani haina nia. Mamba wa shairi hili anayo: anawaza, anajigamba, anajidanganya. Mto haukufanya kosa lolote, ni mahali tu ambapo mkubwa amejipweteka.

Kwetu sisi tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera aliwahutubia wafuasi wa MRND, chama tawala cha wakati ule, akazungumzia kuwapeleka Watutsi Ethiopia kwa njia ya mkato ya Nyabarongo. Mto ukapewa kazi ya mwanadamu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Akagera ulibeba miili hadi Ziwa Victoria, na maelfu ya marehemu wakazikwa upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo.

Hata leo utamsikia mtu akisema kwamba miaka ile tulikumbwa na tufani. Namwelewa, maana yapo mambo ambayo ulimi hauyawezi. Lakini tufani haisimamishwi kizimbani. Mugesera alirudishwa kutoka Kanada Januari 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016.

Wanaofanya biashara kati ya Gisenyi na Goma wanaijua tofauti hii kwa miguu yao. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, uji wa moto ukapita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, na watu mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao wakiingia Gisenyi. Baada ya siku chache tu walikuwa wakirudi makwao. Aliyeikimbia Rwanda mwaka 1959, yeye alisubiri miaka 35. Wazee waliozeekea Karagwe au Masisi hawakuzuiwa na mlima wala mto.

Hata hivyo nina neno moja na mshairi. Anamwambia mamba kwamba atakufa, lakini hasemi ni nani atakayemhoji kabla hajafa. Kazi yote ameuachia wakati. Hapa kwetu watu hawakuuachia. Mahakama za gacaca, ambazo jina lake limetokana na nyasi, zilisikiliza kesi karibu milioni 2 hadi zilipofungwa Juni 2012. Najua pia kwamba si haki kumdai mfungwa hakimu. Abdilatif alikuwa ameshahoji kwa waraka wake, na jibu alilopewa ni jela. Alichobakiwa nacho ni kuhesabu siku za mamba.

Alitoka mwaka 1972, akahamia Dar es Salaam, kama wengi wetu tulivyoishi ugenini Tanzania miaka hiyo. Mwaka 1974 kitabu chake kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, tena huko huko Mombasa, mji wa mshairi. Mshairi mwenyewe alikuwa bado nje ya nchi.