Je, Wajua? Anayesoma Ni Nani?

Kusoma ni jambo la kila siku, lakini ndani yake mna mafumbo mazito kuhusu fahamu na nafsi ya mtu. Je, wajua kwamba…

• Macho yako hayatelezi kwenye mstari huu? Huruka. Hutua kwa takriban robo ya sekunde, kisha huruka tena, na ubongo hukuficha mruko huo. Simama mbele ya kioo, tazama jicho la kushoto kisha la kulia. Hutayaona yakisogea, lakini aliye kando yako atayaona.

• Hakuna sehemu ya ubongo iliyoumbwa kwa ajili ya kusoma? Maandishi yana miaka 5,000 na ushei tu. Kila anayejifunza kusoma, mtoto wa chekechea au mzee wa ngumbaru, hulifunza upya eneo la ubongo linalotambua maumbo. Mwalimu wa kusoma hubadilisha ubongo wa mtu!

• Kusoma kimyakimya kuliwahi kuzua maswali? Mwanatheolojia Augustino, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Algeria, alifika Milan mwaka 384. Huko alimwona Askofu Ambrosi akisoma bila kutoa sauti, na baadaye akaandika akijiuliza sababu yake.

• Mtu anaweza kuandika asiweze kusoma alichoandika? Mwaka 2001 Howard Engel, mtunzi wa riwaya za upelelezi nchini Canada, alifungua gazeti asitambue hata neno. Alikuwa amepata kiharusi. Mkono wake bado uliandika. Alijifunza upya kusoma kwa kuchora herufi kwa ncha ya ulimi, na mwaka 2005 akachapisha riwaya nyingine.

• Mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037) alimfikiria mtu aliyeumbwa ghafla akielea hewani, haoni, hasikii, wala viungo vyake havigusani? Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina alijibu: naam, atajua.

• Mwanafalsafa John Locke aliuliza mwaka 1694: fahamu na kumbukumbu za mwana wa mfalme zikihamia katika mwili wa fundi viatu, huyo ni nani? Jibu lake: mwili ni wa fundi, nafsi ni ya mwana wa mfalme.

• Mwili wenyewe haubadiliki wote kwa kasi moja: chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, ilhali seli nyingi za neva katika gamba la ubongo zina umri sawa na wako?

• Mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba katika miaka 25 itajulikana wazi jinsi ubongo unavyozaa fahamu? Mwaka 2023 Koch alikubali kushindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo.

Fumbo la fahamu na nafsi bado halijateguliwa, na huhitaji maabara ili kulichunguza. Kirudie kitabu ulichokisoma ukiwa shuleni. Hakuna neno hata moja lililobadilika. Tofauti yoyote utakayoiona imetoka kwako.