Amri, Ombi na Ridhaa: Utii wa Cinderella katika *Ella Enchanted* na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza *Ella Enchanted*, riwaya ya vijana ya Gail Carson Levine iliyochapishwa Marekani mwaka 1997, kama usimulizi mpya wa ngano ya Cinderella. Hoja yake ni kwamba badiliko kubwa alilofanya Levine halimo katika matukio, kwani karamu, kiatu na mwana wa mfalme vimebaki mahali pake. Limo katika chanzo cha utii wa mhusika mkuu, na chanzo hicho ni cha kiisimu. Kwa hiyo riwaya ambayo aghalabu husomwa kama hadithi ya mapenzi ya wasichana inamhusu pia mwanaisimu, na zaidi mfasiri atakayetaka kuileta katika Kiswahili.

Katika toleo la Charles Perrault la mwaka 1697, Cinderella huvumilia dhila zote pasipo kumlalamikia baba yake. Huwatengeneza nywele dada zake wa kambo wanapojiandaa kwenda dansini, na mwishowe huwasamehe na kuwaoza kwa mabwana wa ikulu. Kwa nini anatii? Ngano haijibu, wala haidaiwi jibu: katika utanzu huo binti mwema ni mwema kama sungura alivyo mjanja. Riwaya, ambayo huingia moyoni mwa mhusika, haiwezi kulikwepa swali hilo, hasa inaposimuliwa katika nafsi ya kwanza kama hii. Levine mwenyewe amewahi kueleza kwamba alikwama alipojaribu kuiandika upya ngano hii, kwa kuwa wema uliopindukia wa binti huyo haukumwingia akilini. Laana ndiyo iliyomkwamua.

Laana hiyo inakuja kama zawadi. Kichimbakazi Lucinda anamkuta Ella, mtoto mchanga asiyenyamaza kulia, na kumtunukia utii. Tangu siku hiyo amri yoyote humlazimu, awe nani aliyeitoa. Hata hivyo Levine anachora mpaka: amri ya moja kwa moja humfunga Ella, lakini ombi au kauli ya kutamani haimfungi. Akiambiwa ajifunike shali hana hiari; mtu akisema tu kwamba angependa kumwona amejifunika, Ella anaweza kupuuza. Kinachotenda kazi, basi, ni umbo la kauli wala si nia ya msemaji. Anapotimiza miaka mitano, Mandy, mpishi wa nyumbani anayempenda, anampa keki na kumwambia ale. Naye anakula bila kuweza kuacha, ingawa Mandy hakukusudia kuamuru. Austin alifundisha kwamba tendo uneni hutegemea muktadha na mamlaka ya msemaji. Laana ya Lucinda inakata vyote hivyo na kuiachia sarufi peke yake utawala.

Kwa kuwa laana ni ya sarufi, uasi wa Ella nao ni wa sarufi. Akiamriwa kushika bakuli, hulishika, lakini huzunguka nalo jikoni hata mpishi alazimike kumfuata. Neno limetiiwa, makusudio yameachwa. Tena ana kipaji cha lugha. Anajifunza hata lugha ya mazimwi, na kwa lugha hiyo anawalegeza wasimle. Huyu aliye mtumwa wa maneno kuliko wote ndiye fundi wao, nao ufundi huo ni wa kushawishi, si wa kuamuru. Sehemu ya kutisha zaidi, hata hivyo, haina mazimwi. Ella anamsihi Lucinda amwondolee zawadi yake, naye anamwamuru aifurahie. Ella anaifurahia kweli, mpaka Mandy anapomfungua kwa neno jingine. Hapo msomaji anamrudia binti wa Perrault aliyevumilia kwa uso mkunjufu, na anaona kwamba furaha ya mtiifu haiwezi kuwa ushahidi wa ridhaa yake.

Mpaka huo kati ya amri na matamanio ndio unaomtahini mfasiri. Kiswahili kina umbo la amri lililo wazi: *vaa*, *lala*, *njoo*. Lakini amri nyingi hukimbilia umbo tegemezi lenye kiishio *-e*, ambalo ni umbo la maombi pia. *Lazima ulale* ni amri, *natamani ulale* si amri, na kitenzi ni kilekile. Katika ukanushi hali ni ngumu zaidi, kwa maana katazo halina umbo jingine. Mama yake Ella anamwamuru asimwambie mtu habari ya laana. *Usimwambie mtu* haitofautiani hata kwa herufi moja na kiungo cha *nakuomba usimwambie mtu*. Ella wa Kiswahili, basi, hawezi kuitambua amri kwa kusikiliza kitenzi tu. Hana budi kupima kilichotangulia, toni, na uhusiano wake na msemaji. Na katika uhusiano ndimo adabu ya Kiswahili inamoficha amri zake: *naomba unichemshie chai*, ikitamkwa na mama mkwe, ni ombi kwa umbo tu. Wasomaji wengi wa kike hawatahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Ugumu unafikia kilele pale Char, mwana wa mfalme, anapomwambia Ella wafunge ndoa. Ella anampenda, na mwili wake umekwisha kuelekea kutii. Lakini anajua kwamba akiwa mke wa mfalme mtarajiwa, adui yeyote atakayeijua siri yake ataweza kumwamuru amdhuru mumewe. Anakataa ili kumwokoa Char, na kukataa huko kunaivunja laana. Katika Kiingereza kitenzi cha kuoa humpa mwanamke nafasi ya mtenda, kwa hiyo amri inamwangukia Ella barabara. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. *Nioe* haiwezekani kinywani mwa Char. *Olewa nami* ni amri, lakini hakuna mchumba asemaye hivyo. *Nikuoe* inaomba ruhusa, na *tuoane* inapendekeza. Katika zote mbili laana haina pa kushika.

Tafsiri inayobaki ni *kubali nikuoe*. Si nzuri sana sikioni, lakini ni amri kamili, nayo inaamuru ridhaa yenyewe. Ella akitii, atakuwa amekubali bila kukubali. Mkinzano huo haumtatizi tu mwanamantiki; unaigusa pia desturi ya pwani ambamo kimya cha mwali mbele ya walii kimehesabiwa kuwa ridhaa. Ella hawezi kunyamaza, kwani kwake kimya ni mlango wa utii. Katika tafsiri hiyo jibu lake nalo linabadilika. Hatasema *sitaolewa*, kauli ambayo ingemkana Char pamoja na ndoa yake. Atasema *sikubali*, na mara laana inapovunjika, kitenzi hichohicho kinakuwa chake: saa ileile anaweza kusema *nimekubali*, bila ya kuamriwa na mtu.