Kutoa Mimba na Saratani ya Titi: Ushahidi Wasemaje?

Katika kambi zetu, pale akina mama wanapoanika nguo na kuchambua mchele, huvuma neno hili: aliyewahi kutoa mimba atapatwa na saratani ya titi. Neno hilo si la mzaha. Mke wa askari akigusa uvimbe huuficha, asije mumewe akamwuliza, "Ulifanya nini nilipokuwa lindoni?" Basi na tuupime ushahidi kama mpelelezi apimavyo maneno ya mashahidi.

Mwaka 1996 Joel Brind na wenzake, huko Marekani, walikusanya chunguzi 23 wakasema kwamba hatari huzidi kwa asilimia 30. Hawakuyatunga, hesabu zilikuwapo. Lakini habari zile zilipatikanaje? Nyingi zilitokana na kuwauliza wagonjwa na wazima juu ya mambo yaliyopita. Mgonjwa anayetafuta asili ya maradhi yake hufunua yote. Mzima huona haya, akanyamaza. Hivyo mimba zilizotolewa huonekana kuwa nyingi upande wa wagonjwa.

Mwaka 1997 Mads Melbye na wenzake, huko Denmark, hawakumwuliza mtu. Walilinganisha madaftari ya serikali yenye habari za wanawake milioni 1.5, ambamo mimba zilikwisha kuandikwa kabla ya maradhi kuja. Kwa jumla, hatari haikuzidi. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha hesabu ya wagonjwa 83,000 wa nchi 16. Palipoandikwa habari mapema, ongezeko halikuwapo. Lilionekana pale tu wanawake walipoulizwa baada ya kuugua. Askari polisi ajua ni upi ushahidi wenye nguvu: daftari la siku ile, au kumbukumbu ya mtu mwenye hofu.

Hata hivyo, lipo la kweli ndani ya uvumi huo. Kuzaa katika umri mdogo na kunyonyesha humkinga mama kwa kiasi fulani. Uchunguzi wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3. Lakini kuikosa kinga si sawa na kunywa sumu.

Wala tusidhani kwamba kutoa mimba kwa siri hakuna madhara. Kutokwa na damu na kuoza kwa kizazi huua, na sheria ya Uganda yakataza jambo hilo isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Hatari hizo zatosha kutajwa; hazihitaji kuongezewa uzushi.

Daftari la saratani la Kampala, lililoanza mwaka 1951, lilionyesha saratani ya titi ikiongezeka hadi maradufu kati ya miaka ya 1960 na 1990. Taasisi ya Saratani ipo Mulago tangu mwaka 1967. Mama, ukigusa uvimbe usiouma, au ukiona chuchu imeingia ndani, nenda upesi. Nawe baba, usimhoji mkeo: mpe nauli, umsindikize.