Kinga, vilima na maji

Wandugu, wenye wanapanga kutembea Ufaransa na kinga wasihesabu kilomita tu. Wahesabu na mita za kupanda. Pale Lauragais, kusini-mashariki ya Toulouse, barabara inapanda na kushuka vilima siku nzima. Mtu wa Bukavu ataelewa mara moja.

Lakini kando ya Canal du Midi njia iko karibu sawasawa. Juu ya nini? Zamani farasi walipita pale wakivuta mashua kwa kamba, na maji ya mfereji hayapandi mlima. Mashua ndiyo ilipandishwa: inaingia kati ya milango miwili, inafungiwa, maji yanajaa, inatokea juu. Kutoka Toulouse mpaka Naurouze, kama kilomita 50, unapanda mita 57 tu, kidogo kidogo, kwenye milango ile.

Kazi ngumu ilikuwa ya Pierre-Paul Riquet: kuleta maji ya Montagne Noire mpaka Naurouze, mita 189 juu ya bahari, yagawanyike huku Atlantiki, huku Mediterania. Alikufa 1680; mfereji, kilomita 240, ulifunguliwa 1681.

Mbele ya Naurouze, sehemu nyingi ni udongo na mizizi ya miti. Mipira myembamba itakutesa; weka minene.