Mwokota Mipira Hashangilii

Msikilizaji mmoja kaniuliza: watoto wanaookota mipira Wimbledon, si wanatazama tenisi bure? Ndugu yangu, hawatazami kitu. Mtoto kachutama kando ya wavu, hesabu kichwani: mipira 6, ibadilishwe baada ya gemu 7 za mwanzo, kisha kila baada ya 9. Ampendaye akishinda, marufuku kupiga makofi. Tena kuna hatari. Mwaka 1995 Tim Henman alipiga mpira kwa hasira, ukampata msichana mwokotaji. Henman na mwenzake wakatolewa.

Roger Federer aliifanya kazi hiyo mjini Basel, Uswisi, mwaka 1992 na 1993. Alipokuwa bingwa, alikula piza na waokotaji wa hapo. Nadhani siku hiyo kelele ziliruhusiwa.