Nani Alitumiwa Rasimu?

Mwaka 1976 daktari Mkongomani Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, watu wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, akarudi Kinshasa na mtawa mmoja aliyekuwa mgonjwa. Damu ya mtawa huyo ilipelekwa maabara moja ya Antwerp, Ubelgiji, ambako kirusi kilichokuja kuitwa Ebola kilionekana kwa hadubini. Makala ya maabara hiyo ilitoka katika The Lancet mwaka 1977 ikiwa na waandishi watano. Muyembe, msomi wa uzamivu kutoka Leuven, hakuwemo.

Leo wahariri wa majarida ya tiba wana kanuni kuhusu nani aitwe mwandishi, zao la kundi lililokutana Vancouver mwaka 1978. Mwandishi awe amechangia kwa uzito kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua. Awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina. Aidhinishe nakala ya mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Masharti ni ya haki, ila sharti la pili liko mikononi mwa mwenye rasimu. Asiyetumiwa rasimu ataihakiki vipi? Daktari wa wilaya aliyekusanya sampuli miezi kadhaa huishia kwenye aya ya shukrani, na kila mtu anadai kanuni imefuatwa. Haikufuatwa. Wahariri haohao wameandika wazi kwamba masharti yasitumike kumfungia mtu nje, na kwamba aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki.

Wapo wanaohofia kwamba mlango ukifunguliwa hivyo, uandishi utakosa maana. Hofu hiyo ina msingi: makala ya fizikia ya mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi zaidi ya 5,000, na majina yao yalijaza kurasa 24 kati ya 33. Lakini dawa ya orodha ndefu ni kueleza nani alifanya nini, na mfumo wa CRediT, unaogawa michango ya waandishi katika majukumu 14, umeshaonyesha njia. Wengine husema mkusanya sampuli hawezi kujibia takwimu. Kweli, na mtakwimu naye hawezi kujibia jinsi damu ilivyotolewa na kuhifadhiwa. Mbona yeye haachwi?

Mpangilio wa majina nao una uzito. Katika mtindo wa APA wa kurejelea vyanzo, tangu toleo la saba, makala ya waandishi watatu au zaidi hutajwa ndani ya matini kwa jina la mwandishi wa kwanza tu, waliobaki wakiwa “na wenzake”. Jaribio la tiba za Ebola lililochapishwa mwaka 2019 lilimtanguliza Mkongomani, Sabue Mulangu, na kwa hiyo kila anayelirejelea kwa mtindo huo humtaja yeye.

Kwa hapa kwetu Tanzania, wakati wa kuyamaliza haya ni pale mtafiti anapoandaa maombi ya kibali cha maadili, kwa mfano kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Pamoja na bajeti na fomu za ridhaa, uwepo pia ukurasa unaosema nani atatumiwa rasimu, kwa lugha gani, na atapewa siku ngapi za kuisoma.